Ubongo wa Mtoto na Hukumu ya Mwalimu

Katika vyumba vya walimu kuna kauli mbili zinazosikika mno wakati wa kusahihisha madaftari. Ya kwanza ni hii: "Mtoto huyu ni mkaidi tu, anahitaji fimbo." Ya pili ni hii: "Huyu usijisumbue naye, ukoo wao mzima hauna kichwa." Wanachuo watakaokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha watazisikia kauli zote mbili, pengine kutoka kinywa kimoja na katika asubuhi moja. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba zote mbili ni makosa, na kwamba chimbuko lake ni moja, yaani kutojua jinsi mwili unavyoiendesha tabia ya mtu. Elimu ya ubongo na urithi, ambayo wengi huiona kuwa ni mambo ya madaktari, ni sehemu ya kazi ya mwalimu wa darasa la kwanza kama zilivyo chaki na ubao.

Yafaa tuzitazame kauli hizo kwa makini. Mwenye kauli ya kwanza anaamini kwamba tabia yote ni hiari. Asiyejibu swali hataki kujibu, na asiyetulia ameamua kutotulia. Mwenye kauli ya pili anaamini kwamba tabia yote ni damu, naye hutafuta ushahidi katika methali isemayo kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Walimu hawa wawili huonekana kama wapinzani, lakini kuna mahali wanapokutana. Wote wawili wamejiondolea kazi ya kutafuta sababu. Wa kwanza hatafuti kwa kuwa ameshamhukumu mtoto. Wa pili hatafuti kwa kuwa ameshauhukumu ukoo.

Tabia ina makao mwilini

Kwamba tabia ya mtu ina makao mwilini si jambo la kubahatisha. Tarehe 13 Septemba 1848, karibu na mji wa Cavendish katika jimbo la Vermont, Marekani, msimamizi wa vibarua wa reli aitwaye Phineas Gage alikuwa akishindilia baruti ndani ya mwamba. Baruti ikalipuka, na mtaimbo wake, wenye urefu wa zaidi ya mita moja, ukampenya shavuni na kutokea utosini. Gage hakufa. Aliweza kusema, kutembea na kukumbuka. Hata hivyo, daktari wake, John Harlow, alieleza mwaka 1868 kwamba mtu aliyekuwa mtaratibu na mwenye kutegemewa kazini alikuwa amegeuka kuwa mwenye pupa, matusi na mipango isiyotimizwa. Sehemu iliyoharibika ilikuwa ya mbele ya ubongo, ambayo sasa tunajua kwamba hushughulika na kupanga, kujizuia na kupima matokeo ya tendo kabla ya kulitenda.

Miaka 13 baada ya ajali hiyo, mwaka 1861, daktari Paul Broca wa Paris alichunguza ubongo wa marehemu aliyekuwa akielewa anachoambiwa lakini aliyeweza kutamka silabi moja tu. Akakuta umeharibika sehemu ya mbele upande wa kushoto. Tangu hapo ilianza kufahamika kwamba hata lugha, ambayo ni fahari ya mwanadamu, ina mahali pake ndani ya ubongo.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo moja na robo hadi kilo moja na nusu hivi. Ndani yake mna seli za neva zinazokadiriwa kufikia bilioni 86. Kila seli ina nyuzi nyembamba za kupokea habari na uzi mmoja mrefu wa kupeleka habari. Mhispania Santiago Ramón y Cajal, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1906 pamoja na Mwitaliano Camillo Golgi, ndiye aliyeonyesha kwamba seli hizi hazikuungana kama nyuzi za wavu mmoja, bali kila moja imesimama peke yake na kuzungumza na jirani zake. Habari husafiri ndani ya seli kwa nguvu ya umeme. Ikifika mwisho wa uzi, hukuta pengo dogo sana liitwalo sinapsi, na hapo aghalabu huvushwa na kemikali maalumu mpaka seli ya pili. Kuona, kusikia, kuogopa, kukumbuka na kunyoosha mkono darasani hutegemea mazungumzo haya ya seli na seli.

Ubongo hujengwa kwa kazi

Jambo ambalo mwalimu hapaswi kulisahau ni kwamba mazungumzo hayo hayabaki kama yalivyokuwa siku ya kuzaliwa. Sinapsi inayotumika mara kwa mara huimarika, na isiyotumika hudhoofika. Eric Kandel wa Marekani, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2000, alilionyesha jambo hili kwa kumchunguza konokono wa baharini mwenye seli za neva chache na kubwa. Aliona kwamba mafunzo ya muda mfupi hubadilisha nguvu ya sinapsi zilizopo, na kwamba mafunzo yaliyorudiwa kwa vipindi huifanya seli iote viungo vipya. Wahenga waliosema kwamba haba na haba hujaza kibaba hawakuwa na darubini, lakini hawakukosea. Dakika kumi za kusoma kila siku hujenga zaidi kuliko saa nzima ya kukariri siku ya Ijumaa.

Je, mambo ya konokono yanamhusu binadamu? Mjini London, madereva wa teksi hulazimika kuzikariri barabara zipatazo 25,000 kabla ya kupewa leseni. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake walionyesha kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampusi, kiungo cha ubongo kinachohusika na kumbukumbu ya mahali, ilikuwa kubwa zaidi kwa madereva hao kuliko kwa watu wengine. Msomaji aweza kuuliza kama pengine walizaliwa hivyo, ndiyo maana wakaichagua kazi hiyo. Swali hilo ni zuri, na lilijibiwa mwaka 2011. Wanafunzi wa udereva walipigwa picha za ubongo kabla ya kuanza mafunzo na baada ya miaka mitatu hadi minne. Mwanzoni hawakuwa na tofauti. Mwishoni, waliofaulu walionyesha ongezeko, lakini walioshindwa, pamoja na wale ambao hawakujifunza kabisa, hawakulionyesha.

Mfano ulio karibu zaidi nasi ni kusoma. Maandishi yana umri wa miaka 5,000 hivi tu, muda ambao ni mfupi mno kwa binadamu kupata sehemu ya ubongo iliyoumbwa kwa ajili ya herufi. Kwa hiyo kila mtoto anayejifunza kusoma huichukua sehemu iliyokuwa ikitambua sura na vitu, upande wa kushoto nyuma ya kichwa, na kuifundisha kazi mpya. Mwaka 2010 Stanislas Dehaene na wenzake waliwalinganisha watu wasiojua kusoma, waliojifunza ukubwani na waliojifunza utotoni, katika nchi za Brazili na Ureno. Waliona kwamba kusoma hubadilisha ubongo hata kwa mtu aliyejifunza akiwa mtu mzima. Hapa ndipo ulipo uzito wa kazi yetu. Mwalimu wa darasa la kwanza huubadilisha ubongo wa mtoto, wala hii si lugha ya mafumbo.

Elimu hii hueleza pia kosa ambalo limewaponza watoto wengi. Mtoto wa miaka sita hulisoma neno "dada" akasema "baba", na huandika herufi d mahali pa b. Baadhi ya walimu huona huo kuwa ni uzembe au upungufu wa akili. Kwa kweli ubongo wa kila mtu huitambua sura hata ikigeuzwa kushoto au kulia. Ng'ombe ni ng'ombe, aelekee mashariki au magharibi. Herufi ndizo zinazovunja kanuni hiyo, na mtoto hana budi kufundishwa kwamba kwa b na d mwelekeo hubadilisha jina. Afundishwe kwa kuichora herufi kubwa mchangani, kuifuatisha kwa kidole huku akitamka sauti yake, na kwa kuzitenga herufi hizo mbili siku tofauti mpaka ya kwanza ikae. Kwa kosa hili fimbo haimfundishi lolote kuhusu mwelekeo wa herufi.

Jeni si hukumu

Tugeukie sasa kauli ya pili, ile ya ukoo. Hatusemi kwamba urithi si kitu. Watoto hurithi jeni kutoka kwa baba na mama, nazo jeni hizo huchangia kimo, rangi ya macho, afya, hata wepesi au uzito wa baadhi ya watu katika mambo ya akili. Jeni zinazotoa maelekezo ya kutengeneza protini za mwili ni kama 20,000. Lakini hakuna jeni ya uvivu, wala hakuna jeni ya hesabu. Tabia na uwezo wa akili huguswa na jeni nyingi mno, kila moja ikiwa na athari ndogo, nazo zote hufanya kazi ndani ya mwili unaokula, unaougua na unaofundishwa.

Hata pale ambapo jeni moja ina nguvu kubwa, haitoi hukumu isiyokatiwa rufaa. Mwaka 1934 daktari Asbjørn Følling wa Norwe aligundua ugonjwa uitwao fenilketonuria. Mtoto anayerithi jeni zenye kasoro kutoka kwa wazazi wote wawili hushindwa kuivunja kemikali moja iliyomo katika vyakula vya protini. Kemikali hiyo hulimbikizana na kuuharibu ubongo wake. Ugonjwa huu ni adimu katika Afrika yetu, lakini funzo lake ni la watu wote. Kuanzia miaka ya 1950 madaktari walionyesha kwamba chakula chenye kemikali hiyo kwa kiasi kidogo sana humsaidia mtoto, na katika miaka ya 1960 ukaanza upimaji wa tone la damu ya watoto wachanga. Mtoto anayeanzishiwa chakula hicho mapema hukua na akili zake. Jeni zake ni zilezile. Kilichobadilika ni sahani yake.

Mwanabiolojia Richard Lewontin wa Marekani alitoa mwaka 1970 mfano ambao mkulima yeyote ataufahamu. Chukua mbegu za mahindi kutoka gunia moja, lenye mbegu za kila namna, uzigawe mafungu mawili. Fungu moja lipande katika udongo wenye rutuba, la pili katika udongo uliochoka. Ndani ya kila shamba mahindi yatapishana kwa kimo, na tofauti hiyo yatokana na mbegu. Lakini tofauti kati ya shamba na shamba yatokana na udongo peke yake. Anayeutazama mhindi mmoja mfupi na kusema "mbegu mbaya" kabla hajauliza umeota wapi, si mkulima hodari.

Ushahidi wa jambo hili tunao hapa Afrika ya Mashariki. Katika wilaya ya Embu, Kenya, watafiti walipima watoto wa miaka saba hivi mwaka 1984, wakarudi kuwapima watoto wa umri huohuo mwaka 1998. Katika jaribio la kufikiri kwa kutumia michoro, watoto wa mwaka 1998 waliwashinda mno wale wa 1984. Miaka 14 haitoshi kubadilisha jeni za wilaya nzima. Watafiti waliona kwamba mambo yaliyobadilika yalikuwa ni kama kisomo cha wazazi, ukubwa wa familia, na chakula na afya ya watoto. Wale wanaosema "ukoo wao ndivyo ulivyo" hawana budi kujibu swali hili: ni ukoo gani uliobadilika Embu?

Pale mwili unaposema kwa tabia

Ikiwa tabia ina makao mwilini, basi mara nyingi tabia tunayoiona darasani ni taarifa ya mwili. Tutaje mambo machache ambayo kila mwanachuo ayajue kabla ya kukabidhiwa darasa.

La kwanza ni njaa. Ubongo wa mtu mzima ni kama sehemu 2 katika 100 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu sehemu 20 katika 100 ya nishati yake. Kwa mtoto wa miaka mitano hivi, ubongo hutumia yapata theluthi mbili ya nishati ya mwili uliopumzika. Mtoto aliyetoka nyumbani bila kifungua kinywa na kutembea mwendo mrefu, akasinzia saa nne, hakumdharau mwalimu.

La pili ni madini joto. Mama mjamzito asipoyapata ya kutosha, ubongo wa mtoto huweza kudhurika kabla hajazaliwa. Katika nyanda za juu, ambako mvua zimeyaosha madini hayo kutoka udongoni, watu wengi walikuwa na uvimbe wa shingo uitwao rovu. Nchini Tanzania vidonge vya mafuta yenye madini joto vilianza kugawiwa mwaka 1986 katika wilaya zilizoathirika, kisha ikafuata chumvi iliyotiwa madini hayo. Somo la sayansi au maarifa ya nyumbani linalowafundisha watoto kununua chumvi hiyo na kuihifadhi katika chombo kilichofunikwa, mahali pakavu, ni somo linalolinda akili za darasa litakalokuja.

La tatu ni kifafa kisichoangusha. Kuna mtoto ambaye hukodoa macho, hunyamaza kwa sekunde kumi hivi, haitiki aitwapo, kisha huendelea kana kwamba hapakuwa na jambo. Yaweza kumtokea mara nyingi kwa siku. Wakati huo seli za neva za ubongo wake zimepigwa na wimbi la umeme lisilo la kawaida, naye hakusikia neno lolote. Ugonjwa huo una dawa. Mtoto wa namna hii akichapwa kwa "kuota ndoto za mchana" huchapwa kwa kosa ambalo hakulitenda na ambalo hakumbuki.

La nne ni masikio na macho. Mtoto anayejibu kisichoulizwa huenda hasikii vizuri. Anayenakili ubao kwa makosa huenda haoni mbali. Mwalimu amsogeze mbele kwa wiki moja, amwangalie, ndipo aseme neno.

La tano ni mkono wa kushoto. Yapata mtu mmoja katika kila kumi hupendelea mkono huo, na upendeleo huo hutokana na jinsi ubongo ulivyojipanga, kwa sehemu kabla ya kuzaliwa. Desturi ya kula na kupeana kwa mkono wa kulia ni adabu yetu, nasi tunaiheshimu. Kalamu ni jambo jingine. Kumfunga mtoto mkono au kumpiga vidole ili aandike kwa kulia ni kumtwisha mzigo wa pili wakati angali anahangaika na wa kwanza.

La sita ni umri. Ile sehemu ya mbele iliyoharibika kwa Phineas Gage ni miongoni mwa sehemu zinazochelewa sana kukomaa. Huendelea kujengeka mpaka mtu apite miaka 20. Anayemtaka mtoto wa miaka saba aketi kimya kwa saa nzima anadai kitu ambacho mwili wa mtoto bado haujakipata. Kazi ya dakika kumi na tano, wimbo, kusimama na kujinyoosha, kisha kazi nyingine, ni mpango unaolingana na ubongo wa umri huo.

Pingamizi mbili

Wapo watakaosema kwamba maneno haya yataondoa nidhamu. Kwamba kila mtoto mtundu atasamehewa kwa kisingizio cha ubongo. Sivyo. Kueleza sababu si kufuta wajibu. Ubongo hujengwa kwa kazi, na kujizuia nako hujengwa kwa mazoezi: kungoja zamu, kumaliza kilichoanzwa, kuomba radhi. Phineas Gage mwenyewe, pamoja na jeraha lake, alifanya kazi kwa miaka kadhaa nchini Chile akiendesha magari ya abiria yaliyokokotwa na farasi, na wapo wataalamu wanaoona kwamba utaratibu usiobadilika wa kazi hiyo ulimsaidia kurudisha sehemu ya utulivu wake. Nidhamu ya utaratibu hujenga. Nidhamu ya hofu huivuta fahamu yote ya mtoto kwenye mkono wa mwalimu, na kwenye somo haibaki fahamu yoyote.

Wengine watasema kwamba mwalimu mwenye watoto 80 hawezi kumchunguza kila mmoja. Pingamizi hili ni zito, nasi hatulipuuzi. Lakini mwalimu huyo hahitaji kuwachunguza 80 kwa siku moja. Anahitaji daftari dogo na swali moja kwa kila mtoto anayeshindwa. Aandike: anashindwa lini, katika somo gani, saa ngapi, akiwa ameketi wapi? Baada ya wiki mbili, daftari litaonyesha mambo ambayo jicho halikuyaona. Anayeshindwa kila saa nne ni tofauti na anayeshindwa nyuma ya darasa. Na anayeshindwa kusoma peke yake ni tofauti na anayeshindwa kila kitu. Kisha mwalimu amwite mzazi, na panapohusika, ampeleke mtoto kituo cha afya. Gharama ya kazi hii ni penseli na uvumilivu.

Wanachuo, methali ya mtoto wa nyoka haisimami peke yake katika lugha yetu. Wahenga walisema pia kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sayansi ya leo imeonyesha kwamba kila moja ina sehemu yake ya ukweli, na kwamba ile ya pili ndiyo inayomhusu mwalimu, kwa sababu ndiyo iliyo ndani ya uwezo wake. Jeni za mtoto hazimo mikononi mwenu. Sinapsi zake, kwa muda wa saa tano za kila siku ya shule, zimo. Mtakapoketi katika vyumba vya walimu mkasikia mtoto akihukumiwa kwa ukaidi wake au kwa ukoo wake, ulizeni kwa heshima: je, mtoto huyu amekula, anasikia, anaona, na amefundishwa jambo hili mara ngapi? Na maswali hayo mjiulize wenyewe kwanza, kabla kalamu nyekundu haijagusa daftari lake.